Mkono wa Kushoto wa Verediane

Kama uliishi Gisenyi, kwetu Rwanda, miaka ile ya tisini na hukuvalia nguo ya Verediane wa mtaa wa Mbugangari, usiniambie kwamba ulivaa. Ulijifunika tu. Mwanamke yule alikuwa na kibaraza cha mabati, cherehani ya mguu iliyopiga kelele mpaka barabarani, na mabibi harusi waliomfuata kutoka mjini na hata kutoka Nyundo. Akina mama wa Goma, Kongo, walivuka mpaka na vitenge vyao kichwani, wakawapita mafundi wengine wote, wakaja kwake. Kola yake ilikaa. Shati lake halikubana kwapani. Hata Aloys, fundi jirani aliyemwonea kijicho mpaka akakonda, alikiri kwamba mama yule anajua kukata.

Ila hakuna aliyewahi kumwona akikata, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Kushona alishonea kibarazani mbele za watu, huku akipiga soga na kuwatania wapita njia. Kitambaa kikihitaji mkasi alikibeba, akaingia chumba cha nyuma, akavuta pazia. Alisema nje kuna vumbi. Vumbi letu jeusi la milima ya moto mnalijua, kwa hiyo wengi waliridhika. Aloys yeye alisema mle ndani mna dawa.

Dawa gani! Mle ndani mlikuwa na mkono wa kushoto, basi. Verediane alizaliwa wa kushoto. Mama yake, Mukandayisenga, mkulima wa Nyundo, alipoona mtoto anachukua kiazi kwa mkono huo alimfunga mkono mgongoni kwa kamba ya mgomba, leo, kesho, mpaka yule mtoto akajifunza kuutumia wa kulia. Wala hakuwa mama mbaya. Aliogopa tu, maana mtoto wa kike wa kushoto nani atamwoa? Shuleni mwalimu akamalizia kazi kwa fimbo. Verediane akafundishika: kuandika kulia, kula kulia, kusalimia kulia. Lakini mkasi ulikataa katakata. Akiushika kwa kulia, kitambaa kilitoka kimetafunwa kama kilipita kwa mbuzi. Akiushika kwa kushoto, ingawa mikasi yote ya sokoni imetengenezwa kwa watu wa kulia na ukiibana kinyume makali yake yanaachana, kitambaa kilimtii. Sasa niambie, ni bibi harusi gani wa huku angekubali kuvaa siku yake nguo iliyokatwa kwa kushoto? Wangesema ni mkosi, wangekimbia wote. Ndiyo maana ya pazia.

Hata mumewe hakujua. Gatete alikuwa dereva wa lori la njia ya Mombasa, mtu wa kuja nyumbani akiwa na mavumbi ya nchi tatu, kulala, kucheka na watoto na kuondoka. Alimpenda mkewe na alimsifia kila kituo cha mafuta. Lakini chumba cha nyuma kilikuwa cha kazi, na Gatete alikuwa na heshima zake, hakuingia penye kazi ya mtu.

Basi mwaka wa tisini na tisa, barabara ya Ruhengeri ilipoanza kupitika tena bila watu kusali rozari njia nzima kwa hofu ya waasi, Verediane alikuwa kibarazani akimpima kiuno Mukashyaka, mwenye duka la vitenge. Ghafla kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kuruka. Kiliruka chenyewe. Alikitazama kwanza kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayefanya utundu, akingoja kitulie. Hakikutulia. Vidole vingine vikafuata, mkono ukafuata, pembe ya mdomo ikavutika, halafu Verediane akaanguka chini na hakujua tena kilichoendelea. Mukashyaka alitoka mbio na utepe wa kupimia ukiwa bado kiunoni, akafika nao sokoni.

Jioni ile Mbugangari yote ilikuwa imekuwa daktari. Wakatoliki walisema apelekwe kuombewa Nyundo, akapelekwa. Nasrine, jirani Mwislamu mwenye roho nzuri, alimletea kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, kutoka kwa mwalimu wa Goma, akalinywa. Mwingine akaleta majani, akayanywa pia, na tumbo likamkata siku nzima. Degedege likarudi, tena na tena, na kila mara lilianzia pale pale, kwenye gumba la kushoto. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko kifo. Watu waliona ugonjwa, yeye aliona ametambuliwa. Aliamini Mungu amechungulia nyuma ya pazia na kuushika mkono ule ule. Na bado hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu, masikini, hata maradhi hakuficha. Alificha mkono.

Gatete alirudi safari, akashuhudia mwenyewe mkewe akitapatapa jikoni mbele ya watoto, akalia kama mtoto. Madereva wenzake walikuwa wakisimulia hospitali moja ya Nairobi ambako watu hufunguliwa vichwa na kurudi kwao kwa miguu yao. Gatete alikuwa akiwacheka. Safari hii hakucheka. Alimpandisha mkewe kwenye lori, mbele, juu ya mto, na wakashika njia kupitia Uganda, Verediane akiwa ameukalia mkono wake wa kushoto ili usimwaibishe kwenye vizuizi.

Nairobi wakampiga picha ya kichwa. Daktari mpasuaji, Mkenya mpole mwenye miwani ya kamba, akaitundika picha penye taa na kuwaonyesha doa jeupe, upande wa kulia, karibu na utosi. Akasema ni uvimbe. Si saratani mbaya kwa anavyoona, lakini unakua, na ukiachwa utamuua. Verediane akasema hapana, daktari amekosea picha, maana ugonjwa wake uko kushoto. Ndipo daktari akamweleza kwamba mambo ya kichwani yamepishana, upande wa kulia wa ubongo ndio unaouamuru mkono wa kushoto.

Verediane alifikiria kamba ya mgomba, fimbo za mwalimu, miaka yote ile ya kuambiwa mkono huu ni wa shetani, kumbe bwana wa mkono huo siku zote alikuwa amekaa upande wa kulia kama watu wenye adabu! Alitaka kucheka, akataka kumpigia mama yake kelele kutoka Nairobi mpaka Nyundo. Badala yake akamsikiliza daktari, aliyekuwa ameanza kuuliza maswali.

Aliuliza anaandika kwa mkono gani. Kulia, akajibu, na ilikuwa kweli. Anakula kwa mkono gani? Kulia. Na kazi yake ya ushonaji anaifanya kwa mkono gani zaidi? Gatete alikuwa ameketi pale pembeni, kofia magotini. Verediane akasema kulia.

Daktari akaonekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Akaeleza kwamba uvimbe umekaa jirani mno na mahali panapotembeza mkono wa kushoto. Hakuna picha inayoweza kuonyesha mpaka wenyewe, kila mtu ana wake. Itabidi autafute siku ya upasuaji, kwa umeme mdogo, mgonjwa akiwa macho. Hapo Gatete akaruka kitini. Macho? Kichwa wazi na mtu yuko macho? Daktari akasema ndiyo, ngozi itatiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu.

Kisha Gatete akauliza swali la mwanamume mwenye hofu: kama mpaka ukikutwa ndani ya uvimbe, itakuwaje? Daktari akasema itabidi kuchagua, kutoa wote na mkono udhoofike, au kuacha kipande na uvimbe uweze kurudi. Gatete hakufikiri hata kidogo.

"Toa yote, daktari. Mke wangu apone. Kama ni lazima kitu kiende, uende huo mkono. Si ni wa kushoto tu?"

Verediane alimsikia vizuri. Maneno yalimpiga kifuani kama teke la punda. Alifungua mdomo. Halafu akaona uso wa mumewe, uso wa mtu anayemwombea roho yake, akawaza jinsi atakavyoanza: baba watoto, miaka kumi na mmoja nimekudanganya. Akaufunga mdomo. Kwetu mwanamke hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni, na kwetu mtu hambishii daktari. Angalia mambo hayo mawili mazuri yalivyokaribia kumkata mkono.

Siku ikafika. Wakamnyoa nywele zote, na hilo tu lilimtoa machozi. Wakamlaza kwa ubavu, wakakibana kichwa kisitikisike, wakamchoma sindano za ganzi kuzunguka kichwa, wakamfunika kwa shuka za kijani hata akabaki na kidirisha kidogo cha kuonea. Ndani ya kidirisha hicho alikaa muuguzi, mama wa makamo wa Mombasa, aliyemshika mkono wa kushoto na kumwambia kazi yake ni kuutazama tu. Halafu ikaja sauti ya mashine ikitoboa mfupa. Maumivu hayakuwapo. Lakini ile sauti, Mungu wangu, haikupitia masikioni. Ilipita kwenye meno. Alisali Salamu Maria zote alizozijua, na alipoishiwa akasali na ile Bismillahi ya Nasrine.

Mashine ikazimwa. Daktari akamwambia kwamba sasa ameufikia ubongo, na kwamba atakuwa anagusa kidogo kidogo kwa kijiti cha umeme. Akimgusa mahali penye mkono, mkono utasogea. Asiogope.

Asiogope! Alimgusa mara ya kwanza, pembe ya mdomo ikavutika kushoto, ikaachia. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, mbele ya macho yake, gumba lake likajikunja.

"Gumba," muuguzi akasema, kama anayetaja bei ya nyanya.

Verediane hakuwa amelikunja. Hakutaka, hakuwaza, hakuna mtu aliyelishika, na gumba limejikunja likafunguka. Mtu aliyesimama nyuma ya kichwa chake, asiyeonekana, alikuwa ameingia ndani yake na kushika mahali ambapo yeye mwenyewe hujishikia. Maisha yake yote alidhani mkono ule uko nyuma ya pazia, mahali ambapo ni yeye na Mungu tu. Sasa kulikuwa na watu sita na taa.

Kijiti kikagusa tena, vidole viwili vikacheza. Pembeni kidogo, kiganja kikageuka. Kila mahali palipojibu daktari alipawekea kikaratasi kidogo chenye nambari, kama bibi anayepanda maharagwe kwa mstari. Halafu akaacha kugusa. Verediane akasikia wale madaktari wakinong'onezana, akajua kwamba habari si nzuri, maana watu wenye habari nzuri hawanong'oni.

Daktari akainama akasema karibu na sikio lake.

"Mama, uvimbe umekaa pale pale penye mkono. Sehemu ya gumba iko ndani yake, ukingoni. Nitafanya kama nilivyokubaliana na mzee wako, nitoe yote. Mkono wa kushoto utalala, pengine usiamke tena. Lakini unao wa kulia. Sawa?"

"Sawa, daktari," Verediane akasema.

Ndiyo, alisema sawa! Nami nikisimuliwa sehemu hii huwa nataka kumrukia na kumtikisa. Lakini ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akiuliza sawa, jibu ni sawa, hata ukiwa umekanyagwa kidole. Daktari akaomba chombo, chombo kikalia kwenye sinia la chuma. Muuguzi akaanza kuuweka mkono ule chini polepole, kama kitu kilichokwisha kazi.

Na Verediane akauona. Aliuona mkono umelala pale juu ya shuka, na sugu yake pembeni mwa gumba, sugu ambayo mkasi umeichimba miaka yote. Akawaona mawazoni watoto wake watatu, na Tuyisenge, yule mkubwa, akiwa na sare ya shule aliyomkatia mwezi wa kwanza. Lori la Gatete lilileta mafuta na chumvi, na miezi mingine halikuleta kitu. Sahani za watoto zilijazwa na mkono huu. Aibu ikamtoka mwilini yote kwa mara moja, ikamwacha na hofu tupu.

"Daktari, simama! Nimedanganya. Mi niko wa kushoto."

Hata ile mashine ya mapigo ya moyo iliyokuwa ikilia pembeni ilionekana kama imeona haya. Daktari akauliza amesema nini. Akarudia, safari hii akilia, na maneno yakamtoka yote bila mpango: mama yake, kamba, mabibi harusi, pazia, mumewe asiyejua, kwamba huo wa kulia ni wa adabu tu, wa kazi ni huu, ukilala huu watoto watalala njaa. Muuguzi wa Mombasa alikuwa ameushika ule mkono tena, kwa mikono yake yote miwili, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa yamemtoka.

Daktari aliposema, sauti yake ilitetemeka, na sijui ilikuwa hasira au woga. Alisema chombo kilikuwa kimeshagusa uvimbe.

Kisha akaomba aletewe mgonjwa mkasi wa bandeji na kipande kikubwa cha shashi ya kufungia vidonda. Muuguzi akauweka mkasi katika mkono wa kushoto, akamshikia shashi, na daktari akasema kata, mama, kata kama uko kwako. Verediane akakata. Amelazwa ubavu, kichwa kimefunguliwa, machozi yakimwingia puani, akakata shingo ya blauzi ya mviringo, laini, bila alama ya chaki. Muuguzi akaguna. Na wakati mkasi ukitembea, daktari akagusa kwa umeme.

Mkasi ukasimama. Ulisimama mdomo wazi katikati ya shashi. Verediane akauamuru ufunge, haukufunga. Akauamuru kwa nguvu zake zote, kwa jina la Mungu, na mkono ukamtazama kama mgeni asiyejua lugha. Hapo ndipo aliposikia kifo kweli, si cha mwili wake, cha mkono. Daktari akaondoa kijiti, na mkasi ukafunga.

"Hapo," daktari akasema. "Hapo sitapita."

Akamweleza ukweli bila kuupaka sukari. Atatoa kinachotoleka. Kipande chembamba kama ganda la kitunguu atakiacha, juu ya hapo alipopagusa, na kipande hicho kinaweza kukua tena. Mwaka, miaka kumi, hajui. Alimuuliza kama ameelewa kwamba anauchagua mkono, na kwamba anaweza kuulipia kwa maisha.

"Kiache," Verediane akasema, na safari hii hakuna aliyehitaji kumuuliza mara mbili.

Gatete aliambiwa kwenye korido. Nasikia alimwambia daktari kwamba wamechanganya wagonjwa, kwamba mke wake si wa kushoto, angejua. Daktari akamwonyesha ile shashi. Gatete akakaa chini sakafuni, mtu mzima, kofia mkononi, watu wakimruka. Alikumbuka suruali yake ya harusi, nguo za ubatizo za watoto, mashati aliyojisifia Mombasa. Na zaidi ya yote alikumbuka maneno yake mwenyewe. Alipoingia wodini alimtazama mkewe, akatazama ule mkono, akatoka tena.

Mkono wenyewe ulikuwa umelala kama kitambaa kilicholowa. Daktari alisema ni kuvimba kwa kidonda tu, kutapungua, wasubiri. Verediane alisubiri huku roho iko mkononi, akiliamuru gumba asubuhi na jioni, akidhani sasa amepoteza vyote, mkono na mume na uponyaji wake. Gatete alimletea uji kila siku. Alimfunika vizuri shuka, akauliza kama amelala, akaondoka. Neno moja la maana halikupita kati yao. Siku gumba lilipojikunja kwa kutaka kwake mwenyewe, hakuwa na wa kumwambia ila muuguzi.

Wakarudi Mbugangari. Degedege likawa limekoma, nywele zikaanza kuota. Asubuhi ya kwanza aliyojisikia na nguvu, Verediane alitoa meza ya kukatia kutoka chumba cha nyuma, akaiburuta hadi kibarazani, akatandika kitambaa, akashika mkasi kwa kushoto mbele ya barabara nzima. Aloys alisimamisha cherehani yake. Mukashyaka, aliyekuja na kitenge cha harusi ya binti yake, alitazama kidogo, akasema amesahau kitu nyumbani, akaondoka na kitenge chake. Verediane alimwona, ikamuuma, akaendelea kukata. Mkono ulikuwa bado mzito, mstari ulipinda mahali pawili.

Gatete alikuwa ameketi mlangoni na viatu vya safari, lori likimngoja. Alitazama ule mkono ukifanya kazi mara ya kwanza tangu amuoe. Hatimaye akasema, bila kumtazama usoni, kwamba Nairobi siku ile alimwambia daktari auache uende.

"Nilikusikia, baba Tuyi," Verediane akasema. "Nilikuwa pale. We ulisema, na mi nilinyamaza. Tulikuwa wawili."

Gatete akafunika uso kwa kofia na mabega yakaanza kumtikisika, mchana, mbele ya Aloys na wapita njia. Verediane akauweka mkasi, akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, akamnyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto. Kwetu hilo ni tusi. Mtu akikupa kitu kwa mkono huo una haki ya kukiacha kianguke, na hakuna atakayekulaumu. Kikombe kilitetemeka, maana vidole vilikuwa havijapata nguvu zake, na chai ilianza kumwagika kwenye kisahani.

Gatete akasimama, akavua kofia, akakipokea kwa mikono miwili.